Ruhusa ya Kuacha Lami

Fundi alilala chali uani, kando ya pikipiki ya mkewe, akapitisha kidole gumba juu ya tairi la nyuma, taratibu, mpaka kikafika kwenye nyuzi. Akakitoa, akakitazama kama daktari anayetafuta namna ya kumwambia mgonjwa.

"Sema tu," mkewe alisema. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, bega la kushoto limefungwa kitambaa, mkono wa kulia umeshika fomu ya kuomba matairi.

"Hili si tairi. Hili ni puto lililoona haya."

"Nimekuuliza litanifikisha wapi, sikukuuliza jina lake."

"Litakufikisha pale pale ulipoangukia. Halafu litakuaga."

Mtu huyu alijua alichokisema. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akipasua matairi makuukuu na kuyageuza viatu, na katika miaka hiyo hakuna namna ya tairi kufa ambayo hakuiona. Kuna yanayokufa kwa jua, kuna yanayokufa kwa mzigo, na kuna yanayouawa na mawe polepole, kipande kwa kipande. La mkewe lilikuwa la aina ya mwisho.

Waliomzoea mkewe walimwita Mama Damu, kwa sababu ya sanduku jekundu la baridi alilofunga nyuma ya pikipiki. Kila siku ya kazi alizunguka zahanati tano, akikusanya vichupa vya damu, mkojo na makohozi, na kuvifikisha maabara ya hospitali kabla ya saa nane mchana, barafu ikiwa bado haijayeyuka. Mkataba wake ulikuwa wa miezi sita, na kila ulipofufuliwa aliambiwa kuwa huu sasa ndio wa mwisho. Ofisi iliyomwajiri ilikuwa na magari manne. Yote yaliamka kwenye lami, yakashinda kwenye lami, yakalala chini ya paa la bati jipya.

"Na hiyo karatasi inataka nini?" aliuliza mama mkwe, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni.

"Inauliza barabara ninayopita ni ya lami au ya changarawe, mama. Niweke alama moja."

"Si uweke."

"Ni ya lami kilomita thelathini na moja. Kutoka hapo ni changarawe kilomita hamsini na mbili."

"Basi weka mbili."

"Imeandikwa moja."

Mama mkwe alitupa jiwe dogo lililokuwa ndani ya maharage. "Aliyeitunga hiyo karatasi hajawahi kutoka nyumbani kwake," alisema, akaendelea na kazi yake.

Mama Damu aliweka alama mbili. Pembeni akaandika kilomita, kwa herufi nzuri, kama alivyofundishwa shule. Hapo ndipo kosa lake lilipoanzia, kama ofisi ilivyokuja kueleza baadaye.

*

Fomu ilitaka pia aina ya tairi na bei yake kutoka dukani, kwa hiyo walikwenda kwa Profesa. Aliitwa hivyo kwa sababu ya miwani, na kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kumsikiliza mpaka mwisho.

"Karibu mzee, karibu!" alimpokea Fundi. "Tunatafuta nini leo?"

"Mimi sitafuti kitu. Mwenye pikipiki ni huyu."

Profesa alimtazama Mama Damu, akatabasamu. "Ahaa. Mama ndiye mwenye pesa."

"Mwenye pesa ni ofisi," Mama Damu alisema. "Mimi ni mwenye mifupa."

Profesa alicheka mpaka miwani ikashuka. Lakini alipoanza kueleza aliendelea kumweleza Fundi, akimwonyesha Fundi, akimgusisha Fundi, huku yule mwenye mifupa akisimama kando kama mtu aliyesindikiza. Alitoa kwanza tairi moja kubwa lililofungwa karatasi yenye picha: mtu amesimama juu ya pikipiki, nyuma yake milima yenye theluji.

"Haya ndiyo ya safari. Lami, mchanga, mawe, popote. Unazunguka nayo dunia."

"Sizunguki dunia," alisema Mama Damu. "Nazunguka zahanati tano na kurudi. Hilo ni zito, litanimalizia mafuta kabla ya zahanati ya tatu. Nipe lile la pale, lenye meno yaliyoachana."

"Lile? Lile ni la matopeni, mama. Changarawe utaipenda. Lakini ukirudi kwenye lami linaimba kama nyuki, na ukilaza pikipiki kwenye kona, meno yanajikunja. Mvua ikinyesha ndiyo kabisa."

"Na litakwisha upesi," Fundi aliongeza. "Lami inayala meno marefu kama mtu anayekwangua karoti. Nayaona yakija kwangu, katikati yameisha, pembeni mapya kabisa. Huwezi hata kukata kandambili ya mtoto."

"Basi laini la lami," alisema Profesa.

"Laini la lami kwenye changarawe ni kukanyaga punje za mahindi kwenye sakafu," alisema Mama Damu. "Hilo sihitaji kuhubiriwa. Ndilo lililonivunja mtulinga."

Profesa sasa alianza kumtazama yeye. Akavua miwani, akaifuta, akaingia stoo. Alirudi na jozi ambayo haikuwa na picha yoyote. Meno yake yalikuwa mapana, yamekaribiana katikati ili yashike lami, yameachana pembeni ili yaume mawe.

"Nusu kwa nusu," alisema, kwa sauti ya chini, kama anayeuza siri. "La mbele na la nyuma hayafanani, msije mkanunua moja moja. Ukifika mwisho wa lami unapunguza upepo kidogo, ukirudi unajaza. Hayapendezi. Hakuna anayeyauliza."

Fundi alilichukua, akalikunja ukingo, akalinusa, akakandamiza ukucha kwenye ubavu. Alifanya hivyo kwa muda mrefu mpaka mteja mwingine akaondoka kwa kuchoka.

"Ubavu wake una tabaka nne," alimwambia mkewe. "Hili likifa litakufa kwa uzee."

"Ndilo hilo," alisema Mama Damu. "Andika bei."

*

Afisa Vifaa alikuwa mtu mwenye adabu. Alimpa kiti. Aliisoma fomu yote, na alipofika kwenye zile alama mbili akaiweka chini kama kikombe kilichomwagika.

"Dada, umeweka alama mbili."

"Barabara ziko mbili, mheshimiwa."

"Barabara ni moja." Alivuta daftari kubwa kutoka kabatini, akafungua pasipo kutafuta, akageuza upande wa mgeni wake. "Soma mwenyewe. Lami, kilomita themanini na tatu. Hali: nzuri."

"Hili daftari limewahi kufika kule?"

Afisa hakucheka. Wenye kumbukumbu fupi wangedhani amekosea tu, lakini barabara ile ilizinduliwa mara tatu. Mara ya kwanza waliweka jiwe. Mara ya pili wakaja kuangalia jiwe. Mara ya tatu wakakata utepe kilomita ya thelathini na moja, wakala, wakapiga picha, wakageuza magari pale pale, kwa kuwa mbele ya utepe magari yao yasingepita. Tangu siku hiyo barabara nzima ikawa ya lami, na kwa kuwa lami huchakaa, kila mwaka zikatengwa fedha za kuitunza. Iliwahi kuzibwa mashimo. Mwaka uliopita ilipigwa mistari myeupe, kilomita zote themanini na tatu. Wakulima wa kule waliofagia vumbi milangoni asubuhi, mchana na jioni hawakujua kama wanaishi kando ya mistari myeupe, na hakuna aliyewatumia taarifa.

"Sikiliza dada," Afisa alisema, akifunga mlango kwa mguu. "Nikikununulia matairi ya changarawe, mkaguzi ataniuliza changarawe iko wapi. Nikimwonyesha changarawe, ataniuliza lami iko wapi. Unaona tunakoelekea?"

"Naona. Ni kule nilikoangukia."

"Mimi nina watoto."

"Mimi nina mtulinga."

Kisha Afisa akanyanyuka, akamletea kutoka stoo jozi mpya ya matairi ya lami, laini, meusi yanayong'aa, yenye mifereji myembamba kama mistari ya kalamu. Kanuni ilisema yadumu miezi kumi.

"Kama ofisi haiwezi, nitanunua yale mengine kwa fedha yangu," alisema Mama Damu. "Mume wangu amesema tutabana."

"Usithubutu. Pikipiki ni mali ya ofisi. Kufunga kifaa kisichotolewa na ofisi ni hujuma. Weka sahihi hapa."

Tairi la zamani lilikuwa limefika kwenye nyuzi, na kesho ilikuwa siku ya kazi. Aliweka sahihi.

*

Matairi ya miezi kumi yalidumu wiki tisa. Katika wiki hizo Mama Damu aliendesha kwa miguu miwili ikining'inia pembeni kama mtu anayejifunza baiskeli, na watoto wa shule walimpita wakikimbia na kumpungia. Alianguka mara moja tu, polepole, upande wa bega zima, na alianguka akiwa amelikumbatia sanduku. Hakuna kichupa kilichovunjika. Kwenye taarifa yake ya wiki hiyo alijaza: Uharibifu, hakuna.

Alipoomba jozi nyingine aliitwa mbele ya kamati. Barua ilisema afike na "maelezo ya kuridhisha".

"Nakwenda na wewe," Fundi alisema. "Maelezo ninayo mimi."

"Wewe utaniharibia. Ukianza kueleza tairi huwezi kunyamaza."

"Ndiyo maana nakwenda."

Alivaa shati la heshima, akayatundika matairi mawili mabegani. Mlinzi wa getini alimsimamisha. "Wauza viatu wapite nyuma, jikoni."

"Mimi ni shahidi."

"Hata mashahidi wenye matairi. Nyuma."

Wakapita nyuma, jikoni, wakatokea ukumbini wakinuka vitunguu. Kamati ilikuwa na watu watatu: Mwenyekiti, Katibu, na Afisa Vifaa ambaye hakuinua macho. Mwenyekiti alimuuliza Mama Damu swali moja tu, kama alikuwa akiyatumia matairi hayo kwa biashara binafsi. Mama Damu akasema hapana. Ndipo Fundi akaomba nafasi, na Mwenyekiti, aliyependa watu wa kazi za mikono kwa dakika tano tano, akampa.

Fundi hakuwahi kusema vizuri kama siku ile. Alilaza tairi mezani, akawaonyesha jinsi lami inavyolamba mpira ukabaki laini, na jinsi jiwe linavyoung'ata ukabaki na vidonda. Akawahesabia vidonda. Akachomoa mfukoni shazia, ile sindano kubwa ya kushonea viatu, akaanza kutoa vijiwe kutoka kwenye mifereji, kimoja kimoja, akavipanga juu ya meza ya Mwenyekiti. Vilifika ishirini na tatu. Hata Katibu alisimama kuvitazama.

"Tairi halisemi uongo, mzee," Fundi alimaliza, jasho linamtoka. "Hili limetembea juu ya changarawe, tena sana."

"Una uhakika?" aliuliza Mwenyekiti.

"Naapa."

"Katibu, barabara hiyo ni ya nini?"

"Lami, Mwenyekiti. Yote."

"Kwa hiyo vijiwe hivi haviwezi kuwa vya barabarani."

"Haviwezi, Mwenyekiti."

"Kwa hiyo pikipiki ilikuwa ikiendeshwa nje ya barabara. Tena sana."

Fundi alifungua mdomo. Mkewe alimkanyaga mguu, lakini alichelewa, kwa sababu hapakuwa na kilichobaki cha kuokoa. Katibu alishaanza kuandika, akisoma kwa sauti kadiri alivyoandika: kwamba imethibitika, kwa ushahidi wa kitaalamu wa mume wake mwenyewe, kuwa mtumishi aliiacha barabara mara kwa mara, kwamba atakatwa nusu ya bei ya matairi, kwamba apewe jozi nyingine ya lami, ya mwisho, na kwamba kuanzia siku hiyo asiondoke kwenye lami kwa sababu yoyote ile bila ruhusa ya maandishi. Akiondoka, mkataba umekufa.

"Umeelewa, mama?" Mwenyekiti aliuliza kwa upole.

"Naomba nakala," alisema Mama Damu.

Njiani Fundi alitembea nyuma yake kama mtu aliyefumaniwa. Walipofika kwenye uchochoro wa nyumbani ndipo akapata sauti.

"Nimekufunga kwa mkono wangu."

"Umeeleza vizuri," mkewe alisema. "Mpaka mimi nikaamini kuwa nina makosa." Akaanza kucheka, na bega likamuuma, akaendelea kucheka hivyo hivyo akiwa amelishika.

*

Jumatatu asubuhi Mama Damu aliingia zahanati ya kwanza, ambayo iko kando ya lami, akachukua vichupa, akaendelea mpaka kilomita ya thelathini na moja. Hapo lami ilikuwa imekatwa wima, kama mkate. Chini yake, kwa kina cha kiganja, changarawe ilianza na kwenda mpaka macho yanapochoka. Alisimamisha pikipiki sentimita chache kabla ya ukingo, akashuka, akakaa chini na kumpigia simu Mhudumu wa zahanati ya pili.

"Mama Damu, tunakusubiri. Uko wapi?"

"Mwisho wa lami."

"Umeharibikiwa?"

"Hapana. Nimetengenezwa." Akamsomea nakala yote, mpaka muhuri.

Mhudumu aliguna. "Wanaijua hii barabara kweli?"

"Wanaijua kuliko sisi. Wamewahi hata kuichora mistari."

Saa nane na nusu Afisa Vifaa alipiga. "Maabara wananiuliza kwa nini leo vimekuja vichupa vya zahanati moja."

"Nilikuwa barabarani, mheshimiwa, kama nilivyoagizwa."

"Kwa hiyo ulishindwa nini kuendelea?"

"Mbele si lami."

"Ni lami!"

"Basi macho yangu yana kasoro. Niandikie hapo kwamba ni lami, uweke jina lako na sahihi, mimi nitapita."

Simu ikakatika. Ikapigwa tena Jumanne, ikakatika tena. Jumatano wahudumu wa zahanati wakaamua kutafuta njia yao, wakawatuma watu wa baiskeli mpaka ukingoni pale. Lakini baiskeli si pikipiki. Waliofika walifika na maji mahali pa barafu, na maabara ikatupa vichupa kumi na kimoja. Watu kumi na mmoja wakarudi foleni kutobolewa upya.

Jioni hiyo Mama Damu hakugusa chakula.

"Mwanangu," mama mkwe alisema, "hao waliotobolewa mara mbili wamekukosea nini?"

"Hawajanikosea, mama."

"Basi?"

"Nikiacha lami nafukuzwa. Nisipofukuzwa naanguka, kwa matairi yale. Vyovyote vile wiki ijayo hakuna wa kuwapelekea damu yao."

"Maneno hayo mwambie mwenye mkono uliovimba."

Fundi alijaribu kuingilia. "Mama, hivi wewe uko upande gani?"

"Mimi niko upande wa wanaotobolewa. Nyie wenye upande wenu endeleeni."

Mama mkwe alikuwa na haki, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo: wale walioiba kilomita hamsini na mbili walikuwa wakila wakashiba, na mezani kwa watu hawa watatu palikuwa na ugomvi kuhusu nani anawatesa wagonjwa.

Alhamisi alifika ukingoni na hakuzima injini. Aliwafikiria wale kumi na mmoja. Akaachia klachi, gurudumu la mbele likashuka kwenye changarawe, na papo hapo likateleza upande, chini ya shubiri moja tu. Mtulinga wake ulijua kabla yeye hajajua. Mikono ikaganda kwenye usukani. Alikaa hivyo, nusu ya pikipiki ikiwa nje ya sheria, akahema, kisha akairudisha nyuma kwa miguu, akazima.

Akawapigia wahudumu wote wanne. "Msiwatoboe watu tena mpaka niwaambie," alisema. "Na daktari wa hospitali akiuliza sababu, msimwambie mimi. Msomeeni nakala. Nawatumia picha yake sasa hivi."

Daktari aliuliza sababu. Akasomewa. Daktari naye akaenda kumuuliza Mwenyekiti, kwa sauti iliyosikika mpaka getini, kama hospitali yake ihamie kilomita ya thelathini na moja.

*

Ijumaa, saa tatu na nusu, gari jeupe lilikuja polepole na kusimama mita ishirini kabla ya ukingo, kana kwamba lami ile ingeweza kumeguka. Akashuka Afisa Vifaa, viatu vinang'aa. Nyuma yake akashuka Fundi, ambaye Afisa alimpitia nyumbani bila maelezo. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na kitu kimefunikwa shuka.

Afisa alitazama huku na huku, akalivuta shuka. Yalikuwa yale matairi ya Profesa, nusu kwa nusu, la mbele na la nyuma.

"Yamenunuliwa kama vifaa maalumu," alisema, "vya nje ya barabara." Akatoa na barua. Ilikuwa na kichwa kilichopigiwa mstari: Ruhusa ya Kuacha Lami. Ilisema kuwa mtajwa anaruhusiwa, kwa sababu za kikazi, kuiacha lami kilomita ya thelathini na moja na kurejea kwenye lami kilomita ya themanini na tatu.

"Kilomita ya themanini na tatu kuna lami?" aliuliza Mama Damu.

"Kwa mujibu wa daftari."

"Kwa hiyo nikifika nimerejea kwenye lami."

"Ndiyo."

"Ambayo haipo."

"Dada," Afisa alisema, "nimekuja na matairi. Nakuomba."

Aliisoma mpaka chini. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa kuwa kilomita za nje ya barabara hazihesabiwi katika posho ya safari. Alimpa mumewe asome. Fundi alisoma, akakunja uso, akamtazama Afisa kwa namna ambayo Afisa alirudi nyuma hatua moja.

"Wanakulipa kilomita thelathini na moja kati ya themanini na tatu!"

"Nimeona."

"Na bado unakwenda?"

"Wiki hii nakwenda, kuna watu wanasubiri. Posho tutagombana nayo Jumatatu," alisema Mama Damu. "Funga matairi, baba watoto. Hayo ndiyo niliyoyachagua mimi."

Hakukuwa na mtu mwingine wa kushika gurudumu, kwa hiyo alilishika Afisa Vifaa. Alilishika kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani mwenye mafua.

"Mshale utazame mbele," Fundi alimwelekeza. "Huo. Hapana, geuza. Wewe umewahi kununua matairi mangapi, mheshimiwa?"

"Mengi."

"Na hukuwahi kuuona mshale?"

Fundi aliubana ukingo wa tairi kwa vyuma viwili, akalikalia kwa magoti, likaingia kwa mlio. Akajaza upepo, akapima kwa kidole, akautoa kidogo kwa ajili ya changarawe. Shati la Afisa lilikuwa na alama ya duara nyeusi kifuani. Ndipo akauliza, bila kumtazama mtu, swali ambalo mtu aliyesaini matunzo ya barabara ile miaka saba mfululizo hakupaswa kuwa nalo.

"Huko mbele kukoje?"

Mama Damu alishavaa kofia yake ngumu. Akapigapiga kiti cha nyuma, mbele ya sanduku jekundu. "Panda nikuonyeshe. Zahanati ya pili ni dakika ishirini tu. Utakunywa chai."

Afisa alipiga hatua. Mguu mmoja ulifika ukingoni, ncha ya kiatu ikachomoza juu ya changarawe. Alikaa hivyo kwa muda. Halafu akautoa.

"Nina kikao," alisema.

Mama Damu alishuka ukingo taratibu. Gurudumu la mbele liligusa changarawe, likauma, likashika. Akaongeza moto kidogo, kisha zaidi, akainua makalio kidogo kwenye kiti kama wanavyofanya wanaojua, na alipofika kwenye kona aliyoangukia hakushusha miguu.

Afisa Vifaa alirudi garini, akatoa kitabu cha safari, akaitazama saa yake. Kazi ni kazi. Akaandika: Saa nne na dakika kumi, mtumishi ameacha barabara kwa ruhusa. Alipoinua kichwa vumbi la pikipiki lilikuwa limekwishapita kona, na kutoka ndani ya vumbi hilo walikuwa wakija wenye baiskeli za magunia, mwanamke na mtoto mgongoni, mkokoteni wa mbao, na lori zima lililojaa watu waliosimama, wote nje ya barabara, wala hakuna hata mmoja aliyekuwa na ruhusa ya maandishi.